Nimeuziwa waya "wa geji 4" usiofika hata unene wa geji 8, gari limetaka kuungua na watoto ndani. Wauza muziki wa gari, mtatuua!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe maneno makali. Hili siwezi kulinyamazia.

Jumamosi iliyopita, saa mbili na nusu usiku, nilikuwa natoka mjini kurudi Kibamba. Kwenye IST yangu mama watoto yuko mbele, watoto wawili wamelala nyuma. Tumeshaipita Kimara Mwisho, ikaanza kuingia harufu ya plastiki inayoungua. Mama watoto akasema labda kuna watu wanachoma taka pembeni. Tumekwenda kidogo, harufu haituachi. Nikapaki pembeni, nikafungua boneti, moshi ukanipiga usoni.

Kile kikopo cha fyuzi kinachokaa karibu na betri kilikuwa kimelegea na kupinda kama mshumaa ulioachwa juani. Ganda jekundu la waya limeyeyuka na kugandana na mpira wa maji ya rejeta. Huku watoto wamekwishaamka wanalia, mimi natafuta spana namba 10 kwa mwanga wa simu, mikono inatetemeka. Nikafungua kichwa cha hasi cha betri, tukasimama mbali na gari hadi moshi ukakata.

Sasa sikilizeni hili. Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima! Imeandikwa ampea 100 na haijakatika. Plastiki imeyeyuka, waya umebabuka, fyuzi inang'aa kama imetoka dukani leo.

Nirudi nyuma kidogo. Miezi minne iliyopita nilikwenda Kariakoo kwenye duka moja la muziki wa magari, nikawaeleza vizuri kabisa: nina ampu (mashine ya kukuza sauti) ya wati 1000 za RMS, yaani nguvu ya mfululizo, sabufa moja ya inchi 12, nataka waya unaostahili. Muuzaji, "bosi wangu" nyingi mdomoni, akanitolea seti iliyofungwa ndani ya plastiki: waya mwekundu mita tano, waya mweusi wa ground (unaounganisha ampu na bodi ya gari), kikopo cha fyuzi, nyaya za RCA za kupeleka sauti. Boksi limeandikwa 4GA kwa herufi kubwa, yaani geji 4 (kwenye geji, namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi), na wati 2000. Nikauliza, "Hii ni kopa?" yaani shaba. Akajibu, "Kopa tupu bosi wangu, hii ndiyo tunayofunga kwenye magari yote." Nikalipa 85,000, fundi wao akachukua 40,000 ya kufunga.

Wiki ya pili tu niliona dalili. Besi ikipiga, taa za mbele zinafifia. Ukipandisha sauti kidogo ampu inajizima yenyewe, kisha inawaka tena. Nikawapigia, wakasema betri yangu imechoka. Nikanunua betri mpya! Hali ni ile ile. Rafiki yangu fundi rewaya akaja na mita yake, tukapima muziki ukiwa unapiga: kwenye betri volti 13.7, kule buti kwenye ampu volti 12.1. Volti moja na nusu na ushee inapotelea njiani. Akaniambia, "Waya wako ni mwembamba, utoe." Mimi nikamwonyesha boksi, nikamwambia ni geji 4. Niliamini boksi kuliko mtu aliyeshika mita, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jumapili niliung'oa wote, nikakaa nao barazani. Kwa nje waya ni mnene kama kidole changu cha kati. Nikaumenya kwa wembe. Unene wote ule ni ganda! Ndani kuna kifundo cha nyuzi ambacho kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, hakikufika milimita 4. Geji 4 ya kweli, yaani AWG 4 kwa kipimo cha nyaya cha Kimarekani, ni milimita za mraba 21, na kifundo chake cha nyuzi kina upana wa milimita 6 hivi. Kile nilichouziwa ni kama milimita za mraba 8, sawa na AWG 8, tena kwa kubania. Yale maandishi ya "4GA" hayamfungi mtu kwa kipimo chochote. Kiwanda kinaweza kuyaandika hata kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Na wala si kopa. Nilichukua uzi mmoja nikaukwangua na ncha ya wembe, rangi nyekundu ikatoka, chini yake kukawa kweupe. Ni alumini iliyopakwa kopa juu, ile wanayoiita CCA. Nikamenya mita nzima, nikaiweka kwenye mizani ya mama watoto ya kupimia keki: haikufika gramu 30. Mita moja ya kopa halisi ya AWG 4 ina gramu 190 hivi. Gramu 30 na 190, wakuu! Hebu niambieni hapo nimeuziwa nini.

Kwa wasioelewa kwa nini hili ni hatari, hesabu yake ni hii. Ampu yangu ina fyuzi tatu za ampea 30, jumla 90. Ikivuta zote, waya wa kopa wa milimita za mraba 21 kwa mita tano unapoteza kama volti 0.4 tu. Waya huu wa alumini wa milimita za mraba 8 unapoteza kama volti 1.5. Hiyo 1.5 haiendi mbinguni, inageuka joto ndani ya waya, wati zaidi ya 120, chini ya kapeti ambako watoto wangu wanaweka miguu.

Na kuna ubaya mwingine wa alumini. Ukiibana na skrubu kwenye kikopo cha fyuzi, inabonyea taratibu, gari linatikisika, skrubu inalegea. Maungio yakilegea yanazalisha joto papo hapo. Umeme unaopita hauzidi ampea 100, kwa hiyo fyuzi haina sababu ya kukatika, inatazama tu plastiki ikiyeyuka. Halafu ile fyuzi ya 100 haikustahili kabisa kukaa kwenye waya mwembamba namna ile. Fyuzi ya kwenye betri ipo kuulinda waya, inachaguliwa kwa kuangalia waya unabeba kiasi gani. Hao wanaweka ya 100 kwenye kila seti ili boksi lionekane la maana.

Jumatatu nikarudi dukani na waya wangu kwenye mfuko. Sikuwa bosi tena. Wakaniangalia juu hadi chini, yule muuzaji akasema, "Mzee, wewe ulizidisha sauti." Nimezidisha sauti! Waya mliniuzia nyie, fundi ni wenu. Nikamwonyesha ule uzi mweupe, akasema wote wanauza hiyo, kopa halisi wateja hawaimudu. Mbona hukuniambia siku ile? Ungesema "hii ni alumini, kopa ni bei hii", ningechagua mwenyewe. Nilikuwa na hela. Akamalizia kwa kunyooshea kidole chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Na fundi naye nina neno naye. Ground alinifungia kwenye bolti ya buti juu ya rangi, hakukwangua hata kidogo. Rangi haipitishi umeme, mtoto wa VETA anajua hilo. Pale kwenye tundu la kuingilia ndani ya gari hakuweka mpira, waya umepita kwenye bati tupu lenye makali. Ungechubuka pale, chanya ingegusa bodi, na sijui leo ningekuwa naandika nini hapa. Elfu arobaini kwa kazi ya dakika hamsini, hata mpira wa shilingi mia tano ukamshinda.

Sasa nimefunga upya. Nimenunua kwa mita waya wa kopa wa mashine ya welding, milimita za mraba 25, duka la vifaa vya umeme. Kabla sijalipa nilimwomba muuzaji anikatie kipande, nikakikwangua mbele yake: nyekundu mpaka ndani. Hakununa. Huo huo mnene nimeutumia na kwenye ground, mfupi, bati limekwanguliwa mpaka likang'aa. Kikopo cha fyuzi ni cha ANL, zile fyuzi bapa za kufunga kwa bolti, kiko sentimita 30 kutoka kwenye betri. Tumepima tena: kati ya betri na ampu inapotea volti 0.3. Taa hazifumbi macho tena, na ile betri "iliyochoka" iliyoko stoo nimeipima, ni nzima.

Tafadhali, asije mtu hapa kuniambia "rahisi ni ghali". Sikutafuta rahisi. Niliuliza swali moja, kopa au si kopa, nikajibiwa uongo nikiangaliwa machoni.

Mliofungiwa muziki kwa seti za boksi, leo usiku kabla hamjalala pigeni muziki nusu saa gari likiwa linaunguruma, kisha zimeni, fungueni boneti, mshike kile kikopo cha fyuzi. Kikiwa cha moto, chomoeni waya kwenye betri hapo hapo, msisubiri kuche.