DATETIME, TIMESTAMP au namba ya sekunde: ipi inafaa kwa mauzo yanayovuka saa sita usiku?

Mhesabu_Kreti:
Habari zenu wakuu. Nimetengeneza mfumo wa mauzo wa baa moja hapa Dar. Natumia hifadhidata ya MySQL, seva nimekodi Ulaya na saa yake ni UTC, saa tatu nyuma ya Dar. Baa inafunguliwa saa sita mchana, inafungwa saa nane usiku. Ripoti ya Mei 2025 imenitia aibu: imepungua kwa siku nzima ukilinganisha na daftari la kaunta, na siku yenyewe ni Jumamosi ya tarehe 31, watu wana mshahara mfukoni! Kweri (ombi la data) ni hii:

WHERE muda BETWEEN '2025-05-01' AND '2025-05-31'

Safu ya muda ni DATETIME (tarehe na saa), inajazwa na NOW(), yaani saa ya seva wakati huo. Nafikiria kuhamia TIMESTAMP, au kuhifadhi sekunde tangu 1970 kama namba tupu. Nipeni uzoefu kabla sijagusa kitu.

Kamba_Tatu:
Mkuu, aina ya safu haijakukosea chochote hapo. '2025-05-31' bila saa husomwa kama 00:00:00, yaani Jumamosi inapoanza. Kila bia iliyouzwa baada ya hapo iko nje ya ripoti. Andika hivi:

WHERE muda >= '2025-05-01' AND muda < '2025-06-01'

Huhitaji hata kukumbuka mwezi una siku ngapi. Atakayekushauri uongeze '23:59:59' muulize itakuwaje siku safu ikianza kutunza vipande vya sekunde. Na usije ukaweka DATE(muda) kwenye WHERE, indeksi ya kawaida (ya kutafutia haraka) uliyoweka kwenye muda itabaki pambo na jedwali zima litapitiwa.

Salma_wa_Seva:
Kweri sawa, ila mimi bado napiga kura ya TIMESTAMP. DATETIME inatunza ulichoandika bila kujua ni saa ya wapi. Niliwahi kurithi mfumo uliohamishwa kutoka seva ya UTC kwenda seva yenye saa za Afrika Mashariki, NOW() ile ile, safu ile ile. Nusu ya data iko nyuma saa tatu, nusu iko sawa, na hakuna aliyeandika tarehe ya kuhama. Tuliipata kwa kuangalia risiti za karatasi, wiki mbili za maisha yangu.

TIMESTAMP inatunza UTC ndani na kukuonyesha kwa ukanda wa saa wa muunganisho wako na hifadhidata. Ukifungua muunganisho andika SET time_zone = '+03:00'. Huku kwetu saa hazisogezwi mbele wala nyuma kama London, kwa hiyo namba hiyo inatosha. Ubaya wake ni kwamba inaishia 19 Januari 2038.

kodi_na_chai:
Namba tupu ni nyepesi na haina mambo ya ukanda. Naitumia kwenye SQLite, ambayo hata haina aina ya tarehe.

Salma_wa_Seva:
@kodi_na_chai haya, soma 1748725200 utuambie ni saa ngapi. Mhasibu akikupigia simu usiku utajua thamani ya tarehe inayosomeka.

kodi_na_chai:
😂 Hapo umenipata. Lakini kwa SQLite sibadiliki.

Mzee_wa_Jedwali:
Salma yuko sahihi kuhusu TIMESTAMP, lakini Kreti, ngoja kwanza usihamie leo. Ripoti zako za kila siku mpaka sasa zinakubaliana na daftari?

Mhesabu_Kreti:
Za siku moja moja ndiyo, mkuu. Nakusanya kwa tarehe, GROUP BY DATE(muda), zinakubaliana kabisa. Ndiyo maana nilichanganyikiwa.

Mzee_wa_Jedwali:
Basi umebahatika. Seva yako ikiwa UTC, tarehe hugeuka saa tisa usiku ya Dar, saa moja baada ya baa kufungwa. Kwa hiyo bia ya saa saba usiku inabaki kwenye Jumamosi, kama mhudumu anavyoihesabu. Siku utakapoweka '+03:00', tarehe itageuka saa sita usiku, watu bado wamekaa, na mauzo ya saa mbili za mwisho yatahamia Jumapili. Mwenye baa atasema umeiba.

Hama, lakini siku ya hesabu iseme wazi. Kata saa 12 asubuhi:

GROUP BY DATE(muda - INTERVAL 6 HOUR)

Na kwa mwezi, anza '2025-05-01 06:00:00', ishia kabla ya '2025-06-01 06:00:00'. Mimi ningeongeza safu ya pili, siku_ya_hesabu, aina ya DATE, inajazwa mauzo yanapoingia. Muda ni wa saa, siku ni ya biashara. Na kabla ya kugeuza data ya zamani, muunganisho uwe '+00:00', la sivyo kila kitu kitasomwa kama saa ya Dar.

Kamba_Tatu:
Hiyo ya saa tisa sikuiona kabisa. Heshima, mzee.

Mhesabu_Kreti:
Nimejaribu kwenye nakala: Mei imekubaliana na daftari mpaka shilingi ya mwisho. Safu ya siku_ya_hesabu naiongeza kesho. Limebaki moja: kwenye fomu ya kurekebisha mauzo, mhudumu anaandika 2:00 akimaanisha saa mbili usiku, na mfumo unaelewa saa nane. Nimwekee chaguo la asubuhi, mchana, usiku, au nimfundishe 20:00?

Salma_wa_Seva:
Mwekee chaguo. Saa mbili ni saa mbili.