Utambulisho wa kudumu wa mbwa: chipu, tatoo ya sikioni au kibati cha shingoni?

MzeeWaGoba (mleta mada): Ndugu wanajukwaa, salaam. Nataka mbwa wangu awe na utambulisho wa kudumu, na nimetajiwa njia tatu: chipu inayowekwa chini ya ngozi, tatoo ya namba sikioni, na kibati cha kuvaa shingoni. Kibati ni nafuu na chipu ina gharama zaidi. Nichague ipi? Naomba kuwasilisha.

BintiPangani: Mkuu, swali lako halijibiki hivyo lilivyo. Mbwa ana umri gani, anakaa ndani ya geti au anazurura, amechanjwa kichaa cha mbwa lini, na je, unatarajia kusafiri naye?

Kessy_Mbwa: Kibati kinatosha, tena kiandikwe namba ya simu tu. Jirani atakayemwokota barabarani hana skana ya kusomea chipu, lakini simu anayo.

MamaSimbaNjiro: Kessy, mbwa wetu aliibwa, na mkanda wake wa shingoni tuliukuta mtaroni umekatwa kwa kisu, kibati kikiwa bado kinaning'inia. Miezi kadhaa baadaye alionekana kwa bwana mmoja aliyedai kuwa amemnunua kihalali. Tulikubaliana kwenda kliniki, daktari akapitisha skana katikati ya mabega, ikawa kimya, na yule bwana akaanza kutabasamu. Nilimwomba daktari ashuke taratibu pande zote mbili, kwa kuwa chipu huweza kusogea chini ya ngozi, na ilipofika karibu na kiwiko cha kushoto mashine ikalia, tarakimu 15 zikajitokeza. Furaha haikudumu, kwani namba ile ilikuwa bado imesajiliwa kwa jina la mfugaji aliyetuuzia, ambaye aliahidi kubadilisha taarifa na hakufanya hivyo, na sasa alikuwa hapokei simu. Mbwa tulimpata mwishowe, lakini baada ya mabishano ambayo karatasi moja tu ingeyamaliza.

Kessy_Mbwa: Kama ni hivyo, si bora ile chipu inayoonyesha kwenye simu mahali mbwa alipo?

TabibuWaMifugo_Moro: Hiyo si chipu, ndugu yangu, bali ni kifaa cha GPS chenye betri ambacho huvaliwa shingoni, na mwizi atakikata vilevile. Chipu ina ukubwa wa punje ya mchele na haina betri. Huamshwa na mawimbi ya skana, ikatoa namba yake, kisha ikalala tena. Anwani wala simu yako hazimo ndani yake, ndiyo maana usajili wa namba hiyo ni muhimu kama chipu yenyewe. Tatoo siipendekezi, kwa sababu wino hufifia na mara nyingi mbwa hulazimika kulazwa usingizi ili ichorwe.

MzeeWaGoba: Nashukuru, Daktari. Mbwa ana miaka miwili, alichanjwa mwezi Machi, na tarehe 10 Desemba tunahamia Ujerumani.

BintiPangani: Haya ndiyo niliyokuwa nikiyauliza tangu mwanzo!

TabibuWaMifugo_Moro: Basi mjadala wa kibati umekwisha. Umoja wa Ulaya unataka chipu, na tatoo hukubaliwa tu ikiwa ilichorwa kabla ya tarehe 3 Julai 2011 na bado inasomeka. Chanjo yako ya Machi haitahesabiwa, kwa kuwa chanjo ya kichaa lazima itanguliwe na chipu. Baada ya chanjo mpya husubiriwa angalau siku 30 ndipo damu itolewe, ipelekwe maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, na kiwango cha kinga kisipungue 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita. Kisha huhesabiwa miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Leo ni mwisho wa Agosti. Piga hesabu mwenyewe.

MzeeWaGoba: Tiketi zimeshalipiwa, Daktari. Hakuna njia ya kuombewa msamaha?

MamaSimbaNjiro: Mwache kwa ndugu hadi Januari, afuate baadaye. Mkifika huko, isajilini namba yake TASSO, sajili ya wanyama wa kufugwa ya Ujerumani, ambako usajili haulipiwi.

Kessy_Mbwa: Na kibati avae hukohuko. Akiponyoka mtaani Frankfurt, mpita njia wa kule naye hatembei na skana mfukoni.

BintiPangani: Kessy, hilo nakubali. Ila mleta mada hajatuambia kama huyo ndugu wa kumwachia mbwa yupo.