Nimechoka na wanawake wa riwaya za Kigothi: wakitii wanazimia, wakitaka kitu wanauawa

Wakuu, leo nina hasira na Dracula, riwaya ya Kigothi (yaani ya kutisha) ya Bram Stoker kuhusu mnyonya damu, na nina hasira zaidi na mnaotetea jinsi ilivyowaandika wanawake, kila siku kwa hoja ileile: "ni zama zake."

Nianze na Mina. Dada huyu anajua hatimkato, anapiga chapa, ratiba za treni kazihifadhi kichwani. Wanaume wametapakaza shajara, barua na vipande vya magazeti, hakuna anayejua kipi kinaungana na kipi. Anayekaa chini kuvipiga chapa na kuvipanga kwa tarehe mpaka habari ikaeleweka ni yeye, pamoja na mumewe. Profesa Van Helsing anamsifu eti ana akili ya mwanamume (sifa hiyo!). Kisha kikao kinaamua: wewe mama kalale, kuanzia hapa ni kazi ya wanaume. Wao wanakwenda kumsaka Dracula nyumba ya jirani, naye Dracula anamwendea Mina chumbani.

Kinachofuata ndicho kinanichemsha. Wanarudi alfajiri, Mina amepauka kuliko kawaida. Mumewe Jonathan analiona hilo na kuliandika, halafu anashukuru kwamba wamemweka kando, maana mambo haya ni mazito mno kwake! Baadaye anamwita mara mbili tatu ndipo aamke, na akiamka anamtazama kwa hofu kama hamjui. Bado hashtuki. Na humohumo ndani wapo madaktari wawili, Seward na Van Helsing, waliomuuguza Lucy, shoga yake Mina, kwa dalili hizohizo mpaka akawafia, hata wiki mbili hazijatimia! Juzi tu walikuwa kaburini kwake! Upofu wa aina gani huu? Mwandishi anataka Mina aumizwe kwanza, ili wanaume wapate moto wa kumkimbiza Dracula mpaka kwake Transylvania. Na huko nako, anayepiga hesabu kwamba jamaa amepitia mtoni ni Mina. Visu wanashika wengine.

Lucy ndiyo usiseme. Kaposwa na wanaume watatu siku moja, akamwandikia Mina kwa utani, kwa nini msichana asiruhusiwe kuolewa na wote watatu. Basi. Baada ya hapo anatiwa damu ya wanaume wanne kwa zamu, anakufa, anageuka mnyonya damu, na mchumba wake Arthur anapewa nyundo akipigilie kigingi kifuani mwake. Wanamkata kichwa, wanamjaza kitunguu saumu mdomoni. Tena tunaambiwa uso wake ukarudi kuwa mtulivu na safi. Safi! Yaani mwanamke anayetamani anasafishwa kwa nyundo.

Na si Stoker peke yake. Justine, mtumishi katika riwaya ya Frankenstein (1818), ananyongwa kwa mauaji asiyoyafanya; Victor, aliyemuumba muuaji mwenyewe, anamjua na amefunga mdomo. Bertha wa riwaya ya Jane Eyre (1847) kafungiwa ghorofa ya juu, anayetueleza yeye ni nani ni mume aliyemfungia. Hiyo kaiandika mwanamke, msinirukie.

Sasa hizo zama zenu. Mwaka 1794, katika The Mysteries of Udolpho, Ann Radcliffe alimwandika Emily, ambaye pamoja na kuzimia kwake kote anamgomea Montoni, mume wa shangazi yake, anayemlazimisha atie sahihi kumwachia mali yake (baadaye analegea, lakini kwanza amegoma). Kisha Marian wa Wilkie Collins, The Woman in White: usiku anavua sketi zake nzito, anatambaa juu ya paa la varanda na kuwasikiliza wabaya wakipanga njama. Naye anaadhibiwa, mvua inamnyeshea anaugua homa kali, na mwandishi kamnyima uzuri wa sura makusudi, kana kwamba akili na uso havikai pamoja. Ila angalau alipewa paa lake.

Riwaya hiyo ilimalizika kuchapwa 1860. Dracula ni 1897. Nyie wa "zama zake," nisaidieni: kipi kilitangulia?