Tupeane uzoefu: propu za bei chee, kuna aliyewahi kulipwa kweli?

Wakuu, heri ya Jumapili. Soko limefungwa, nina muda wa kuuliza vizuri.

Mdogo wangu kanitumia propu moja, yaani kampuni inayokupa akaunti yake ufanyie biashara ya foreksi. Akaunti ya dola 5,000, chalenji (mtihani wa kufuzu) ya hatua moja, ada dola 32, kama 80,000 hivi ya kwetu. Ukifikisha faida ya 10% bila kuvunja sheria wanakupa akaunti, faida mnagawana 80 kwa 20. Mimi nimeshachoma akaunti zangu mbili za broka (dalali wa foreksi, unaweka hela yako mwenyewe), za dola 100 kila moja (msinicheke), nikasema afadhali sasa nichome ya mtu. Ila bei hii inanitia wasiwasi. Sitaki viunganishi vya punguzo humu, nataka aliyeweka hela yake aseme ilikuwaje.

Mshumaa Mwekundu, Mwanza

Mkuu, mimi niliweka, tena akaunti ya ukubwa huohuo. Hawakunidhulumu. Nilichomwa na sheria niliyoisoma bila kuielewa.

Drodauni yao, yaani hasara ya juu unayoruhusiwa, ilikuwa 6%, dola 300, lakini ni ile inayokufuata. Unaanza 5,000, sakafu yako iko 4,700. Ikwiti (salio pamoja na faida au hasara ya odaa iliyo wazi) ikipanda hadi 5,180, hata kama hujafunga odaa, sakafu nayo inapanda hadi 4,880, na haishuki tena. Mimi nilikuwa kwenye dhahabu, loti 0.10, ambapo kila dola moja bei inaposogea ni dola 10 kwako. Ikaenda upande wangu dola 18. Nikaona 180 inawaka kijani, tamaa ikanishika. Bei ikarudi, nikafunga na 60. Salio 5,060, nikajiona niko mbele.

Kumbe nafasi iliyobaki ni dola 180 tu. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri, takwimu za ajira za Marekani zinatoka, mimi nimo. Stopu losi, bei ya kujifunga hasara isizidi, nimeiweka dola 15 chini. Soko likairuka, ikafungwa dola 19 chini. Hasara 190. Kikomo cha hasara cha siku kilikuwa 200, hicho sikukigusa. Dakika mbili baadaye barua pepe: akaunti imefungwa. Ukipiga hesabu tangu mwanzo nilipoteza dola 130 tu kati ya zile 300 nilizodhani ninazo.

Kwa hiyo ukisikia akaunti ya 5,000, hiyo 5,000 isahau. Umenunua dola 300 kwa dola 32, na hizo 300 zenyewe zinapungua kila unapochelewa kufunga faida.

Mshumaa, swali dogo (huyu ni mleta mada): sasa sakafu inaendelea kupanda mpaka wapi?

Mshumaa Mwekundu

Yangu ilikuwa inasimama ikifika 5,000, pale ulipoanzia. Kuna propu ambazo haisimami kabisa. Hilo liulize kabla hujalipa. Na kuna wanaotumia drodauni isiyosogea, ila mara nyingi ukiitaka unaongezewa bei. Ukitaka mgao wa 90% unaongeza. Ukitaka malipo kila wiki unaongeza. Ukimaliza kuweka tiki hizo zote, dola 32 huioni tena.

Bi Pipsi, Nakuru

Mimi huandika kila kitu kwa daftari, mazoea ya chama. Mwaka mmoja nimenunua chalenji za bei hiyo mara saba. 7 mara 32 ni dola 224. Nilifaulu mbili. Ya kwanza niliivunja kabla ya siku ya malipo. Ya pili nililipwa, faida ilikuwa 120, mgao wangu 96. Zilikuja kwa USDT (sarafu ya kidijitali), nikauzia mtu, zikaingia M-Pesa siku hiyohiyo. Kwa hivyo wanalipa, sitawasingizia. Lakini mimi niko chini dola 128, na mume wangu bado anaulizia hiyo picha ya cheti niliyoweka kwa status.

Shida ya ada ndogo ni kwamba haiumi. Ukifeli usiku, asubuhi ushanunua ingine. Ingekuwa dola 150 ningekaa mwezi mzima nikijifunza kwanza.

Fundi Chati, Dar

Niongeze kitu. Hiyo akaunti mnayopewa baada ya kufaulu, kwa propu nyingi bado ni demo (hela ya mazoezi, si halisi), na wengine wanaandika hivyo wazi kwenye masharti, mtu hasomi. Maana yake malipo yako yanategemea ada za wanaofeli na utayari wa kampuni kulipa. Halafu usimchanganye propu na broka. Kule Kenya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, ina kanuni za mabroka wa foreksi mtandaoni tangu 2017, lakini ukidhulumiwa na propu ya ughaibuni inayouza chalenji, ni kazi kupata wa kumlilia.

Na ukubwa si kinga. Mnaikumbuka propu ya My Forex Funds? Agosti 2023 CFTC, msimamizi wa masoko ya aina hii Marekani, iliwashtaki, ikidai wamekusanya ada za dola milioni 310 kutoka kwa wateja zaidi ya 135,000. Shughuli zikasimama. Mwaka 2025 mahakama ya New Jersey ikaifuta kesi kwa sababu ya mwenendo wa CFTC wenyewe. Kampuni ikashinda, sawa, lakini mwenye akaunti alikuwa ameshakaa karibu miaka miwili.

Februari 2024 nayo, MetaQuotes, wenye programu ya MT5 ya kufanyia biashara, walipowabana propu, mimi nililala nina MT5, nikaamka nimehamishiwa programu nyingine, odaa ziko wazi, sijui hata kitufe cha kufunga kiko wapi.

Geto Namba Saba, Mbeya

Mimi na mwenzangu tunapanga chumba kimoja, waifai moja, kila mtu na akaunti yake propu ileile. Tunafundishana, kwa hiyo mara nyingi tunaingia pea moja ya sarafu karibu muda mmoja. Nilipoomba malipo, 140, wakajibu kwamba akaunti mbili zinatoka intaneti moja na odaa zinafanana, ni mtu mmoja huyo. Tukatuma NIDA zote mbili, tukatuma hadi picha tumekaa pamoja kitandani na simu zetu. Wakarudisha ada, faida wakafuta.

Siku hizi kila mtu na bando lake, na yeye kahamia propu nyingine.

Mleta mada

Dah, asanteni. Nilikuwa nimeshaandaa kadi. Nimerudi kusoma masharti, ni inayofuata, 6%, na hakuna mahali wameandika inasimama wapi. Nimewaandikia, nasubiri jibu.

Jingine: wanataka uthibitisho wa makazi. Mimi nimepanga, risiti ya Luku haina anwani. Barua ya mtendaji wa mtaa inapokelewa?

Bi Pipsi

Yangu ya chifu walikataa, walisema lugha hawaijui. Walikubali taarifa ya benki. Nenda tawini ugongewe muhuri, na uhakikishe jina limeandikwa sawa na la kitambulisho, herufi kwa herufi.