Kibanda cha gemu Kirumba: PS4 mbili za mtumba, PS5 moja, au kompyuta?

MtuWaMwaloni:
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha gemu huku Kirumba, Mwanza. Mashine zangu ni PS3 mbili zilizochoka na PS4 moja inayounguruma kama injini ya mtumbwi. Mechi moja 500. Sasa nimejibana nikapata akiba kidogo. Nawaza PS4 Slim mbili za mtumba, au PS5 moja mpya, au kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki. Kuna muuzaji mjini ananiambia nisinunue chochote, eti miaka si mingi gemu zote zitachezwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za mbali kupitia intaneti, sisi tutabaki na skrini na pedi za kuchezea tu. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

FundiPedi:
Mkuu, mimi nazifungua hizi kila siku hapa Mabatini. PS4 Slim ikiwa kwenye gemu inakula wati 80 hivi, PS5 inagusa 200. Piga saa kumi kwa siku: PS5 ni uniti 2 za umeme wa LUKU, Slim haifiki hata moja. Halafu pedi. Vitufe vya nyuma vya pedi ya PS5 vinakaza na kulegea kufuatana na gemu, ubunifu mzuri kweli, ila ndani kuna mota ndogo na gia za plastiki. Dogo akifungwa dakika ya 90 anavibinya kama anakamua miwa.
Ukiamua PS5, angalia ina sehemu ya CD, maana hiyo inasoma na CD za PS4. Kuna toleo lisilo nayo kabisa, na PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 nayo imekuja bila, unanunua pembeni. Huko ndiko wanakotupeleka. Gemu isiyo na CD huwezi kuazimana na jirani wala kuiuza ukiichoka.

Nyegezi_Stendi:
Huyo muuzaji umuulize habari za Stadia, huduma ya kucheza gemu kwenye seva za mbali. Google walianzisha Novemba 2019, Januari 2023 wakafunga. Hela za gemu waliwarudishia watu, hilo nawasifu. Na bando je? Picha ya HD ya kawaida inataka kama megabiti 15 kwa sekunde, saa nzima ni GB 6 na ushee. Kwa mechi za 500? Utacheza wewe na deni lako.

Mwanachuo_Malimbe:
Bando siyo tatizo kubwa, kaka, tatizo ni umbali. Hata upewe fiba ya bure, ndani ya fiba mwanga unakwenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde, yaani sekunde ukiigawa mara elfu. Seva ikiwa Johannesburg, toka hapa Mwanza mstari ulionyooka unapita kilomita 2,500. Kwenda na kurudi ni milisekunde 25, na kebo haijawahi kunyooka. Kwenye gemu ya fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 16 na ushee tu. Unabonyeza shuti, kipa ameshajipanga. Drafti utacheza vizuri, mpira utagombana na wateja.
Mimi ningeenda na kompyuta. Kadi za grafiki za RTX za Nvidia zinachora picha ndogo, kisha akili mnemba inaikuza ionekane kubwa. Kadi ya kawaida inaishi miaka mingi zaidi hivyo.

MamaGemu_Igoma:
Mdogo wangu wa Malimbe, kompyuta hiyo itachezesha wangapi?
Kaka wa Mwaloni, huu mwaka wa tano nina kibanda. Mteja analipia kumfunga jirani yake huku benchi zima linapiga kelele. Mashine moja hata iwe ya dhahabu inakalisha wawili, mbili zinakalisha wanne. Mimi kinachoninyima usingizi ni simu. Gemu ya mpira ya eFootball ni bure tangu 2021, madogo wanachezea kwao kitandani. Nimeweka meza ya kuchajia na mashindano ya simu kila Jumamosi, kiingilio kidogo, wamerudi. Na mwenye sare ya shule simruhusu kabla ya saa kumi, mama zao nawajua.

MtuWaMwaloni:
Dada, la benchi limeniingia. Ila PS4 ni ya 2013. Gemu mpya za mpira zikikoma kutolewa kwake?

FundiPedi:
PS2 ni ya 2000, na Igogo kuna kibanda bado kinaichezesha. Fundi kabandika jezi za Simba na Yanga ndani ya gemu, foleni ipo.

Nyegezi_Stendi:
Jezi ya Yanga ile rangi imekosewa lakini.

MtuWaMwaloni:
Wabeja sana. Nimempigia mwenye Slim, anashusha bei kwa moja kwa sababu CD ya gemu ya mpira ya FC 24 imekwama ndani. Fundi, inatoka hiyo?

FundiPedi:
Inatoka. Ilete kesho asubuhi, na njiani usiipige makofi.