Mdogo wangu kaitwa misheni ya Wamormoni Zambia miaka miwili, maisha yao huko yakoje?

DadaMkubwa_Nyegezi
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa aliyepitia hili au mwenye ndugu aliyepitia. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 20, alienda kusoma Nairobi akabatizwa huko huko kwenye Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao wanaoitwa Wamormoni. Sasa kapata barua ya wito, anaenda kuhudumu Zambia misheni ya Lusaka, hakuchagua yeye, wanapangiwa. Mama yuko Sengerema, mtu wa jumuiya haswa, tangu ameambiwa hata kula hali vizuri, kila saa ananipigia mara atakula nini, mara akiumwa nani atamuangalia, mara wanamlipa shilingi ngapi. Mimi imani yake sina shida nayo, ni mtu mzima, ila nataka nimwambie mama vitu vya kweli sio kumpoza tu. Siku yake itakuwaje? Tutaongea naye? Na ndo harudi hata Krismasi?

Jang'o_Kisumu
Dada pole, mfikishie mama salamu. Mimi ni wa Kisumu na nilihudumu Ghana, Kumasi, kwa hivyo nakuambia nilichoishi mwenyewe. Kuamka ni saa 12 na nusu asubuhi, mazoezi kidogo, kuoga, chai hakuna, halafu masomo ya maandiko peke yako kisha na mwenzako, kabla ya saa sita mchana mko nje mnatembea. Na kutembea ni kutembea kweli, viatu vinaisha soli. Mnafundisha watu majumbani, mnasaidia mtu kulima au kuchota maji, wengine wanawafukuza, wengine wanawaambia njooni kesho na kesho mkienda hawapo. Saa 3 usiku mnarudi, saa 4 na nusu taa zimezimwa. Siku moja kwa wiki ndio ya kufua, kwenda soko, kunyoa na kupigia watu wa nyumbani.

Kuhusu simu mama atulie. Zamani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama pekee, zaidi ya hapo ni barua, lakini kuanzia Februari 2019 wanaruhusiwa kupiga kila wiki, hata kwa video. Krismasi kurudi hapana, wanaume ni miezi 24 mfululizo.

Kitu kigumu hakuna anayekuambia mapema, nacho ni mwenza. Mnakaa wawili saa zote, huendi hata dukani peke yako, na hukumchagua. Mmoja wangu tulikaa wiki nzima tunaongea mambo ya kazi tu kwa sababu ya vyombo, na usiku ni yeye huyo huyo yuko kitanda cha pili. Lazima mmalize, hakuna pa kukimbilia. Baada ya wiki kadhaa uhamisho unakuja mnabadilishwa, na yule mliyegombana naye ndiye unamlilia stendi. Ongea na dogo kuhusu hilo kuliko chakula, maana wa mwisho kuzaliwa huwa hawajazoea kugawana chumba na mgeni.

Ngosha_Igoma
Mimi niwe mkweli tu dada yangu, sipingi dini ya mtu, ila miaka miwili kwa kijana wa miaka 20 ni mingi sana. Hana mshahara, hana mchumba, hasomi, anarudi ana 22 wenzake wameshamaliza chuo. Na nasikia ni familia ndo inachangia. Mama wa Sengerema atatoa wapi hiyo hela?

Mama_Furaha_Musoma
Ngosha mwanangu swali lako ni la haki. Binti yangu alihudumu Afrika Kusini, wasichana wao ni miezi 18. Kulipwa hawalipwi, ni kujitolea, na mmisionari na familia wanachangia kiasi walichokubaliana na viongozi kabla hajaondoka, ukiwa huna waumini wa tawi lake na mfuko wa kanisa wanaongezea. Sisi tulitoa kidogo, hatukuuza ng'ombe. Ila hilo la kuchelewa masomo lipo, binti yangu limemgusa, sitaki kulifunika.

Akiumwa, kila misheni ina kiongozi wanayemwita rais, yeye na mke wake ndio wazazi kule, binti yangu alipata malaria na yule mama alikuwa ananipigia mwenyewe. Chakula wanapika wenyewe, na Zambia nshima si ugali tu jamani? Kapenta ni dagaa. Mtoto wa ziwani hawezi kufa njaa Lusaka.

Dada, mwambie mama jambo moja asije akaumia: siku ya kumuaga akipika chai ya maziwa ya majani kijana hatainywa, wala kahawa, ni sheria yao, sio dharau. Apike uji wa ulezi. Na kuogelea hawaruhusiwi muda wote wa misheni, huyo aliyekulia Nyegezi hapo ndo atahisi!

DadaMkubwa_Nyegezi
Asanteni sana, Mama Furaha shikamoo. Nimemsomea mama yote kwa simu, ya kupiga kila wiki kanifanya nirudie mara mbili. Ameuliza kama msiba ukitokea nyumbani (Mungu apishe mbali) anaruhusiwa kuja?

Jang'o_Kisumu
Hilo aulize viongozi wake sasa hivi kabla hajapanda basi, na nyinyi mkae mkubaliane kama familia mngetaka iweje. Sisi kwetu hatukuliongea na babu yangu akafa mwezi wa tano nikiwa Kumasi.

DadaMkubwa_Nyegezi
Pole sana kaka. Jumapili navuka Busisi naenda Sengerema, yeye pia atakuwepo, tutaliongea wote watatu mezani. Mashati meupe anatakiwa awe nayo mangapi?

Mama_Furaha_Musoma
Marahaba mwanangu. Barua yake ina orodha, fuateni hiyo. Pitia soko la mitumba la Mlango Mmoja hapo Mwanza asubuhi wakifungua mzigo, chagua pamba nzito, kola ngumu, na viatu msinunue vya mtumba.