"Clomb" ni verbe gani? Diksionere ya telefone haina

MtuWaKadutu (Bukavu)
Jambo bandugu. Niko nasoma Kingereza hapa Bukavu, profesa alitupatia fotokopi ya shairi ya Coleridge, ile ya muzee wa baharini ya 1798, na pale mwezi unatoka juu ya bahari kumeandikwa "clomb". Nimeitafuta mu diksionere ya telefone haiko. Mwenzangu mumoja anasema ni mashine ya fotokopi iliharibu, inapashwa kuwa "climb", mwengine anasema hapana, ni verbe ingine kabisa yenye maana ya kupanda polepole. Mwenye anajua anifasirie tafazali, na tena aniambie kama naweza kuiandika mu egzame juu inanipendeza sana vile inasikilika.

Yaya_Himbi (Goma)
Mdogo wangu, mashine haikuharibu kitu. Hiyo ni "climb" ile ile, ila ya wakati uliopita, na ni ya zamani. Leo banasema "climbed", lakini mu Kingereza cha kale hii verbe ilikuwa inageuza sauti ya ndani, kama vile "sing" inakuwaka "sang" mpaka leo. Zilikuwa nyingi za namna hiyo, kisha mwaka kwa mwaka batu bakazipatia mukia wa "-ed" kama zingine. Angalia "help": mu Biblia ya Kingereza ya 1611, wimbo wa Maria, Luka 1:54, pale sisi tunasomaka amemsaidia Israeli mtumishi wake, bao baliandika "holpen". Leo hakuna mutu anasema vile.

Ile ya polepole uachane nayo, maana haikubadilika hata kidogo, mutu anapanda mulima, muti, ukuta, mwezi unapanda juu, ni kupanda tu. Na ile "b" ya mwisho haitamkwi, unasema "klom" na "o" yenye kuvutika, inafanana na "home".

Kamalondo_Lshi
Yaya amesema vizuri, miye naongeza kitu kimoja chenye ninapenda sana. Ukibakia mu ile Biblia ya 1611 uende Luka 19:4, Zakayo anakimbia mbele anapanda muti juu amuone Yesu, pale bameandika "climbed", sawa na leo. Ni kusema ile forme mupya ilikuwa tayari mu vinywa vya batu. Kisha 1667 Milton, mushairi Mwingereza, anatosha shairi yake ndefu Paradise Lost, mu kitabu cha ine Shetani anaingia Edeni kama mwizi, na Milton anaandika "clomb"! Miaka 56 nyuma ya ile Biblia. Na usifikiri ni hesabu ya silabi ilimulazimisha, zote mbili ziko na silabi moja. Kwangu miye ni uzito wa sauti, hiyo "o" ndefu inajaza kinywa, inafaa kwa jambo kubwa, na Coleridge naye akaiokota kwa sababu alitaka shairi yake isikilike kama hadisi ya bakubwa ba zamani.

Kwa egzame: ukiwa unafasiria shairi, iandike, useme ni passé ya "climb" yenye bashairi baliipenda. Ukiwa unaandika habari yako mwenyewe, tia "climbed", na hapo usibishane na profesa. Na chunga, hakuna "to clomb", hakuna "he clombs", juu iko ya wakati uliopita tu.

MtuWaKadutu
Aksanti sana yaya, aksanti papa wa Lubumbashi. Sasa nimeelewa, nitabaonyesha benzangu kesho. Na mu masemi ya kila siku, kuko pahali bangali banaisema?

Yaya_Himbi
"Clomb" yenyewe hapana, imebakia mu mashairi. Lakini Marekani, mu milima ya Appalachia, kuko bakubwa benye bangali banasema "clum", ni ndugu yake.

Na kama unatafuta verbe ya kupanda yenye ilikufa kweli mu Kingereza, tafuta "stigan". Wajerumani bangali nayo, "steigen". Waingereza baliipoteza, ikabakia imefichama ndani ya "stirrup", kile chuma penye mutu anatia muguu akipanda farasi: zamani ilikuwa "stigrap", kamba ya kupandia.